MTA "nyeupe" kwa jino la mbele la mtoto: mzizi unakua, jino limekuwa la majivu

Hilo neno "nyeupe" lifutwe leo hii kwenye pakiti ya MTA, simenti ya kufunika kiini cha jino au kuziba mzizi. Nimeitumia kwa mtoto wa miaka 8, jino la mbele la juu limevunjika hadi kiini (nyama laini ya ndani yenye neva na damu) kinaonekana, na ncha ya mzizi bado iko wazi. Miezi michache tu, jino lina rangi ya majivu kuanzia shingoni. Si doa la kusugua, rangi imo ndani ya dentini, tabaka gumu lililo chini ya enameli. Mtoto sasa anaziba mdomo kwa mkono akicheka.

Wala si uzembe wa kazi. Ganzi, mpira wa kutenga jino, keekee ya ncha ya almasi yenye maji mengi, milimita 2 za kiini zikatolewa. Pamba yenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu ikabanwa dakika chache, damu ikakoma. (Isipokoma, kata kidogo tena: ulichobakiza bado kimevimba.) Kisha MTA juu ya kiini, poda 3 kwa maji 1, juu yake glasi ayonoma (simenti ya kuzibia), kisha kompositi (plastiki ngumu ya rangi ya jino).

Tatizo ni bismuti oksidi, karibu asilimia 20 ya poda, iliyowekwa ili simenti ionekane kwenye eksirei. Ikigusana na hipokloriti (dawa ya kuua vijidudu), ambayo wengi wetu huoshea kidonda hicho, inageuka kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Damu nayo hupenya kwenye vitundu vya simenti, na simenti yenyewe inachukua kama saa 3 kuganda! Karatasi iliyomo kwenye pakiti niliyofungua haina hata mstari mmoja kuhusu hilo. Hata mmoja. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Nilikuwa natoa nyota 1. Halafu naitazama eksirei: mzizi umerefuka, kuta zimenenepa, ncha inaanza kufunga. Kama kiini kingekufa, kuta zingebaki nyembamba na jino lingevunjika shingoni kwa pigo dogo. Kalisi hidroksidi, dawa nyingine ya kufunika kiini, haichafui rangi, ila huyeyuka taratibu, na ikikaa miezi mingi ndani ya mfereji wa mzizi inadhoofisha dentini. Na kiini kikishakufa, kuziba ncha iliyo wazi kwa milimita 4 hadi 5 za MTA bado ni kazi nzuri, huko hakuna anayeona rangi. Kwa hiyo nyota 4, lakini kwa mzizi tu.

Kwenye taji, sehemu ya jino inayoonekana, hapana. Zipo simenti za aina hii zenye zirkoni oksidi badala ya bismuti, na mojawapo huganda kwa takriban dakika 12. Chukua hizo.

Kama umeshaiweka, usikimbilie kuichimbua, chini yake kuna kiini hai. Funika sura ya mbele kwa kompositi isiyopitisha mwanga, pima uhai wa jino na piga eksirei hadi ncha ifunge. Sasa nikifikiria kumweleza mama yake haya yote, nyota 4 zinarudi kuwa 2.