Semina ya kumtambua mchungaji wa kuaminika: je, elfu kumi yangu ilistahili?

Kiingilio shilingi 10,000, chai na chakula cha mchana humo humo, Jumamosi nzima kwenye ukumbi wa usharika mmoja hapa Dar es Salaam. Mlangoni nilipewa risiti yenye namba na muhuri. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, risiti naisoma kabla sijamsalimia mtu. Wangepokea pesa mkono mtupu, ningepanda daladala nirudi zangu Mbagala.

Mfundishaji ni mwinjilisti mstaafu, mzee wa sauti ya chini, na kipaza sauti chao kilikuwa kinakoroma. Waliokaa nyuma waliambulia nusu. Alianza na 1 Timotheo 3, akatutaka tupitie sifa za askofu moja moja na tutafute zinazohusu kipaji. Tulipata moja tu: ajuaye kufundisha. Zilizobaki karibu zote ni mwenendo: asiyelaumika, mpole, si mpiga watu, asipende fedha, asimamie nyumba yake vema. Kuponya hakumo. Kutabiri hakumo.

Akaongeza Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaosema mtume mgeni akikaa kwako siku tatu ni nabii wa uongo, na akiondoka akaomba fedha, ni wa uongo vilevile. Ukumbi ulicheka. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba kwa kipimo hicho mabango yote ya barabarani yangeng'olewa.

Saa iliyonilipia kiingilio changu ni ile ya fedha. Katika 2 Wakorintho 8, Paulo ana mchango wa kupeleka Yerusalemu, lakini haubebi peke yake: anafuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu. Kutoka hapo mzee akashuka kwenye maswali ya kwetu. Sadaka inahesabiwa na nani, na wako wangapi? Benki watia saini ni akina nani, na je, wana undugu? Mapato yanasomwa kwenye matangazo Jumapili inayofuata? Ukituma sadaka kwa simu, jina linalotokea ni la kanisa, la mchungaji au la mkewe? Hapo watu kadhaa walitoa simu mifukoni kimya kimya. Na kuna swali moja nililiandika kwa herufi kubwa: katika kanisa hilo, ni nani anayeweza kumwambia mchungaji "hapana" na kesho akaendelea kuwa mzee wa kanisa?

Mifano aliichagua vizuri, bila kutia chumvi. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwenye msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa. Alisisitiza kwamba kule Kenya mafundisho ya kukataa shule na hospitali yalisikika miaka mingi kabla ya ile mifungo ya kufa. Dalili zilikuwa wazi mchana kweupe.

Sasa lililonikera. Siku nzima tuliwacheka wauza maji na mafuta. Ilipofika zamu ya madhehebu makubwa, yaani sisi wenyewe, pumzi zikakata. Mama mmoja alisimama: "Shikamoo mwinjilisti. Mchungaji akituhumiwa na binti wa kwaya, halafu akahamishiwa usharika mwingine, na kule hawaambiwi kitu, huyo tumtambueje?" Jibu alilopata ni tuombe. Jamani! Biblia ilikuwa wazi mkononi mwake, kurasa chache tu mbele. 1 Timotheo 5 inataka mashahidi wawili au watatu ili mzee asisingiziwe, na papo hapo inaagiza anayedumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Hicho kifungu kina kinga ya mchungaji na kinga ya binti, na tulikiruka tukaenda kula.

Chakula chenyewe safi: wali, maharage, kuku wa kutosha, hakuna aliyepewa shingo. Makaratasi ya maswali yaliisha mapema, nenda na daftari. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Inawafaa zaidi wazee wa kanisa na wahasibu wa vikundi, na yeyote aliyehamia mji mpya anayetafuta pa kuabudu.

Wakiirudia nitalipa tena, ila swali la yule mama nitaliuliza mimi, asubuhi, watu wakiwa hawajaanza kunusa pilipili za jikoni.