Kishikio kilimbakia mama mkononi

Nimeambiwa nisiandike nikiwa na hasira. Naandika nazo hizo hizo.

Gari ni Volkswagen Beetle ya marehemu baba, sikutaka lifie uani likiliwa na chumvi ya bahari. Vishikio vya ndani vya milango niliagizia Uingereza, vikafika Unguja kwa mkono wa jamaa. Nikampelekea fundi mmoja huku Ng'ambo anayesifiwa sana, avifunge na viti avishone upya. Na sifa nyengine ni za kweli: mshono wa viti umenyooka, pembe zimekaa. Kwa viti tu ningempa nyota tano bila ya kujiuliza.

Sasa vishikio. Wenye Beetle wanajua: mwili wa gari hili umeziba mno, ukipandisha vioo vyote hewa inakosa pa kutokea na mlango haufungi mpaka uuvute kwa nguvu, au ushushe kioo kidogo. Nguvu yote hiyo kinaibeba kishikio. Ndiyo maana kwenye bati la mlango, nyuma ya ule ubao mwembamba uliovishwa ngozi bandia, kuna matundu yenye nyuzi zake, ile mikato ya ndani ya kukazia boliti. Boliti inapita kwenye ubao, inakwenda kushika bati. Ni kazi ya kupapasa na msumari mwembamba mpaka ulipate tundu, basi.

Yeye hakupapasa. Kachukua skrubu za mbao, zile zenye ncha za kufungia bawaba za kabati, kazitia kwenye ubao mtupu. Tunakwenda harusini Bububu, mama keshavaa, keshajifukiza udi, akavuta mlango. Kishikio kikamjia mkononi, skrubu zote mbili zimeng'ang'ania vipande vya ubao, na ngozi mpya imepasuka kiasi cha kupitisha vidole.

Hayo ningeyasamehe, kazi huharibika. Nikarudi kwake kwa salamu na heshima zote. Hata kichwa hakuinua. "Mwambie bi mkubwa wako afunge mlango kwa adabu. Gari lenyewe kizee." Mbele ya vijana wake, nao wakacheka! Mama huyu ndiye aliyesomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaani kwetu, leo afunzwe adabu na mtu asiyejua boliti na skrubu?

Nilipoubandua ubao nyumbani ndiyo nikazidi. Ile nailoni inayokaa nyuma yake kuzuia maji yanayoteremka na kioo, kaichana kaitupa, wala hajaweka nyengine. Mvua za masika zingeanza, ubao wote ungefura. Na matundu yapo vile vile kwenye bati, nyuzi nzima, yamejaa vumbi tu! Kijana mmoja wa Mwanakwerekwe kakata ubao mpya, katandika nailoni, kafunga boliti zisizoshika kutu, na adhuhuri haijaadhiniwa keshamaliza. Sasa mama anavuta mlango kama anauadhibu, na kishikio hakitikisiki.

Nilisema nyota tano za viti? Nimezifuta. Naacha moja, ya ule mshono, na hata hiyo naiweka amana mpaka aje nyumbani kumuomba mama radhi. Pesa za vishikio asirudishe.