Kompyuta ya kwanza ya gemu ukiwa Mtwara: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani

Msimu uliopita, malipo ya korosho yalipoingia, mpwa wangu alishuka kutoka Tandahimba akaja kwangu Chikongola na laki tisa yake mfukoni. Kwenye simu alikuwa na picha ya boksi la kioo lenye feni nne zinazowaka rangi zote. Maelezo yalikuwa mafupi: kompyuta ya gemu, i7 (prosesa, yaani ubongo wa mashine), ram 16 (kumbukumbu ya muda), GPU 8GB (kadi ya grafiki, inayochora picha).

"Mjomba, nimeshaipata. Nimekuja tu unisindikize nikatume hela."

"Kaa kwanza, baba. Hiyo i7 ni ya kizazi cha ngapi?"

Hakujua, na muuzaji hakuandika. i7 za kwanza zilitoka 2008 na mpaka leo jina hilo bado lipo sokoni. Kuambiwa i7 bila kizazi ni sawa na kuuziwa korosho bila kuambiwa daraja. Tulikaa siku mbili tunapiga hesabu, na mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na hesabu ile, pamoja na mashine nyingi nilizozifungua kwenye meza yangu ya ufundi.

Kabla ya yote, taja gemu unazotaka kucheza. Kama ni eFootball, GTA V, Counter-Strike 2 na Valorant kwenye skrini ya 1080p, huhitaji mashine ya mamilioni. Kama unataka gemu nzito zilizotoka mwaka huu zikiwa na picha ya juu kabisa, laki tisa haitoshi, na ni heri ujue sasa kabla hujatuma hela.

Nafasi ya kwanza: tawa ya ofisi ya mtumba, uiongezee kadi ya grafiki

Hii ndiyo ninayompa kila anayeanza. Zile desktopu za ofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, huingia nchini zikiwa zimetumika miaka michache Ulaya au Marekani. Tafuta yenye prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa mfano Core i5-8500 ya 2018. Ina kori sita, yaani vitengo sita vya kufanya kazi, na bado inazisukuma gemu nilizozitaja bila shida.

Kizazi cha 8 nakisisitiza kwa sababu ya Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho. Zipo njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani, na mafundi tunazijua, lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya mashine yenyewe. Ikikosa hivyo haifunguki. Nimeshawapokea vijana wawili wenye i5 ya kizazi cha 4 wakiuliza kwa nini gemu inawakataa, na sikuwa na dawa ya kuwapa.

Halafu nunua tawa, si ile nyembamba inayolala mezani. Kwa macho zinaweza kuwa na sifa zilezile, na nyembamba mara nyingi ni rahisi kidogo, lakini kadi ya grafiki ya kawaida haiingii humo kwa urefu wake. Ukiwa dukani omba ifunguliwe ubavuni. Tazama sloti ndefu ya kadi kwenye mazabodi, lile bamba kuu la ndani, kisha weka kiganja chako kimesimama kutoka sloti ile kwenda juu. Kikiingia bila kugusa ukuta wa boksi, umepata tawa.

Faida nyingine ni ram. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ram imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu nyingi kwenye mitambo ya akili mnemba. Tawa ya ofisi inakuja na ram yake ndani. Ikiwa na kijiti kimoja cha 8GB, ongeza cha pili cha aina ileile ufikishe 16. Vijiti viwili hufanya kazi sambamba na prosesa inapata data haraka kuliko ikitegemea kimoja.

Sasa kadi. Pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, kwa tawa hizi nyingi ni ndogo, wati 250 hivi, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hiyo tunatafuta kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Ya kwanza kwangu ni RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka 2024 na inayokula wati 70, kama mfuko unafika. Zingatia hiyo 6GB, kwa sababu RTX 3050 ya 8GB ni kadi nyingine na inataka waya. Mfuko usipofika, chukua GTX 1650 ya 4GB iliyotumika. Ndiyo tuliyomchukulia mpwa wangu. Nazo kuna matoleo yenye tundu la pini sita pembeni, hayo yapite.

GTX 1050 Ti naiweka ya tatu, ingawa wengi bado wanaisifia. Nvidia ilifunga draiva mpya za gemu (programu zinazoiendesha kadi) kwa kizazi chake Oktoba 2025, zimebaki zile za usalama tu. Kuinunua leo ni kununua kadi ambayo gemu mpya hazitaisubiri.

Tena hiyo 1050 Ti ndiyo niliyoumizwa nayo. Miaka michache nyuma niliagiza moja kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Boksi jipya, stika safi, Windows ikasoma jina vizuri kabisa. Gemu ikawa inazima kila baada ya dakika kumi. Nilipoigeuza nikaona nyuma ina tundu la VGA, lile la bluu la pini kumi na tano. Kizazi cha 1050 Ti hakitoi tena VGA. Nikatoa skrubu nne za kipoozeo, nikafuta ile pesti iliyokuwa imekauka kama udongo, na chipu ikajisoma yenyewe: GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti ya 2011. Ya kweli ingeandikwa GP107. Mtu alikuwa amebadilisha programu iliyomo ndani ya kadi ili ijitangaze kwa jina la mwingine, na hela yangu haikurudi.

Tangu siku hiyo silipi kadi ambayo sijaiona ikifanya kazi. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna ile. Iwe kwenye flashi yako unapokwenda dukani. Kama kadi iko Kariakoo na wewe uko Mtwara, mwombe ndugu aliye Dar apige simu ya video, GPU-Z ikiwa wazi, kisha gemu yoyote ichezwe robo saa mfululizo mbele ya kamera. Muuzaji mwenye kadi nzima hatachukia. Na risiti ya EFD idai, hata kama atakupunguzia bei ukiiacha.

Laki tisa ya mpwa wangu iligawanyika hivi: karibu nusu ilikwenda kwenye tawa yenye SSD (diski ya kasi), theluthi hivi kwenye kadi, na iliyobaki kwenye kijiti cha pili cha ram na UPS (betri ya kushika umeme ukikatika). Skrini hakununua, aliunganisha na televisheni ya nyumbani kwa waya wa HDMI. Televisheni nyingi zina hali ya gemu kwenye mipangilio, iwashe, bila hivyo utabonyeza sasa na mchezaji apige mpira baadaye. Ukinunua skrini ya mtumba, hakikisha ina HDMI au DisplayPort. Yenye VGA tupu itakulazimisha ununue kigeuzi.

Kasoro ya tawa hizi ni moja, na ni ya kweli: pawasaplai na mazabodi zake hazifuati vipimo vya kawaida. Pawasaplai ya OptiPlex ikiungua, huchomeki ya kawaida ya dukani. Lazima upate ya Dell ileile, na kwa Mtwara hiyo maana yake ni kuagiza. Ndiyo maana nasema UPS iwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo.

Nafasi ya pili: Ryzen 5 5600G, bila kadi kwanza

Kwa mwenye subira, hii inaikaribia sana ya kwanza. Prosesa hii ya AMD ya 2021 ina kori sita na grafiki zake zimo ndani yake, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi kabisa. Gemu nyepesi zinacheza. Nzito utazishusha mipangilio mpaka chini, na nyingine utazisubiri. Msimu ujao wa korosho unaongeza kadi nzuri, na kila kipande ni cha vipimo vya kawaida, kinabadilika kimoja kimoja bila kuhangaika.

Hapa ram mbili si hiari. Grafiki za ndani zinakopa ram ya mashine, na kijiti kimoja kinazikaba shingo kiasi kwamba gemu iliyokuwa inacheza vizuri inaanza kukwama. Mazabodi chukua ya A520 au B550. B450 za zamani nazo zinafaa, ila huenda zikahitaji kusasishwa BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, kabla hazijaitambua prosesa hii. Kilichoishusha nafasi ya pili ni hiyo bei ya ram, maana hapa unainunua yote mwenyewe.

Nafasi ya tatu: mashine mpya, Core i3-12100F na RX 6600

Kwa nguvu hii inazipita zote mbili. Kadi yake, RX 6600, ina 8GB, inakula wati 132 hivi, na 1080p inaimudu kwa miaka kadhaa mbele. Ikiwa mzazi amekukabidhi zaidi ya milioni moja na nusu, iruke orodha yote uje hapa moja kwa moja. Angalia tu herufi F mwishoni mwa jina la prosesa: maana yake haina grafiki za ndani, kwa hiyo kadi ikiharibika kompyuta nzima haionyeshi kitu mpaka upate nyingine. Na usibanie pawasaplai. Ipime kwa mkono. Iliyoandikwa wati 500 ikawa nyepesi kama sahani ya plastiki, irudishe kwenye kabati lao.

Nafasi ya nne: ile nyembamba ya ofisini

Ni kwa mtu ambaye tayari anayo nyumbani. Kadi fupi zipo, GTX 1650 na RX 6400 zina matoleo ya kimo cha nusu. RX 6400 inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), na kwenye mashine ya kizazi cha 8 ambayo PCIe yake ni ya 3.0 inapoteza sehemu ya kasi yake. Kwa hiyo 1650 fupi ni bora, ila ni adimu.

Ya mwisho: boksi la taa lisilo na maelezo

Kama lile la mpwa wangu. Yaliyofika mezani kwangu, ndani nimekuta prosesa za 2012 au 2013 na kadi ya RX 580. RX 580 nzima si kadi mbaya. Shida ni kwamba nyingi zilichimba sarafu za Ethereum usiku na mchana mpaka uchimbaji ule uliposimama Septemba 2022, na nyingine ni toleo lililopunguzwa, linaloandikwa 2048SP. Kadi hiyo peke yake inakula wati 185. Cheza saa tatu, mashine nzima inafika karibu uniti moja ya LUKU. Tawa yenye GTX 1650 kwa saa zilezile haifiki nusu uniti. Kwa nyumba ambayo mama ndiye ananunua umeme, hilo ni jambo la kuongea mapema.

Umeme, chumvi na safari ya basi

Umeme ukikatika, hatari kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo. UPS ya 650VA inatosha tawa na skrini kwa dakika za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Ukikosa UPS, weka angalau kifaa kama kile cha kulinda friji, kinachosubiri umeme utulie ndipo kiupitishe.

Wa Shangani na Mikindani, upepo wa bahari unakula chuma. Nilishafungua mashine iliyokaa dirishani miaka miwili, bamba la matundu ya nyuma lilikuwa limeshika kutu nyekundu na meno ya ram yamefifia kama sarafu ya zamani. Isogeze mbali na dirisha. Kila baada ya miezi michache toa ram, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha. Newala na Masasi adui ni vumbi, huko brashi ya rangi iliyo kavu inatosha kwa feni.

Ukiagiza Dar, panga kabla ya masika. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Somanga, mizigo ya kusini ilikwama. Na hata barabara ikiwa nzima, ni zaidi ya kilomita 550 kwenye buti la basi. Mwambie anayetuma aichomoe kadi ya grafiki, aifunge peke yake kwenye kitambaa laini ndani ya boksi lake. Kadi ikibaki kwenye sloti, kila tuta la njiani linaivuta chini kwa uzito wake, na mazabodi inaweza kufika imepasuka sloti. Ya mpwa wangu ilifika imefungwa kwenye khanga mbili za shangazi yake. Tuliichomeka saa moja jioni, na saa mbili kasoro alikuwa anacheza.