Baada ya saa 200: ukufunzi au Caravan za Kisongo?

Una leseni ya rubani wa biashara na saa 200 hivi za kuruka. ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani, inataka 1,500. Usomee ukufunzi wa urubani, au usubiri kiti cha Caravan, ndege ndogo ya abiria, uwanja wa Arusha ulioko Kisongo?

Kwa gharama, ukufunzi unauma mwanzoni, maana kozi unajilipia. Ila kila saa ya kufundisha unaiandika kama rubani mkuu. Caravan inakudai subira tu. Mimi nilizunguka na bahasha yangu miezi saba naambiwa "rudi msimu ukianza". Na ukipewa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, uliza mapema saa zinahesabiwaje: ndege ile huruhusiwa rubani mmoja, kwa hiyo saa za pembeni huenda zisihesabiwe zote.

Kwa uzoefu, hapo Caravan haina mpinzani. Injini ya tabaini, kiwanja cha changarawe Seronera, unapita chini kwanza kufukuza swala ndipo utue. Darasani hupati hayo.

Masika, kazi zote mbili hulegea: watalii wanapungua, na mwanafunzi haruki mawingu yakishuka Meru.

Mwenye wa kumlipia kozi, ukufunzi. Mfuko umetoboka lakini una shangazi wa kukulaza Sakina? Kabishe hodi Kisongo.