Zahrah the Windseeker: hadithi safi, kopi imechoka

Jamani nimemaliza hiki kitabu cha Nnedi Okorafor na kiukweli kama una mtoto wa form two au three hapa Kigoma anapenda riwaya mtafutie. Nimeagiza kopi ya mtumba kwa muuzaji wa Dar, 15,000 pamoja na nauli ya basi, na huyo muuzaji simsifii, picha alonitumia kitabu kinang'aa alafu kilichofika jalada linaning'inia na kurasa za nyuma zina madoa ya chai. Ila zote zipo, zinasomeka.

Zahrah ni binti wa nchi inaitwa Ooni, kazaliwa na rasta zimeota mimea inayotambaa, shuleni wanamcheka, mara anagundua anaweza kuelea hewani. Rafiki yake Dari anang'atwa na nyoka kwenye msitu waliokatazwa, hazinduki, dawa yake ni yai la mnyama anaitwa elgort, basi inabidi dogo aingie msituni mwenyewe. Kilichoniua mimi ni kompyuta, kule wanapanda mbegu, inaota, inakuwa kompyuta, na mwandishi anaielezea kawaida tu kama sisi tunavyoongelea michikichi. Kuna na magorila wanaoongea huko ndani, watoto waliofika Gombe kuona sokwe watafurahi hapo.

Mwandishi kazaliwa Marekani 1974, wazazi Wanigeria. Alikuwa anacheza tenisi na anataka asomee wadudu, sasa akiwa na miaka 19 akafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, kuamka miguu haifanyi kazi, ndo akaanza kuandika palepale kitandani pembeni ya kurasa za kitabu alichokuwa nacho. Baadae akatembea tena. Ukishajua hivo, mtoto anayejifunza kuruka huku anaogopa unamsoma kivingine kabisa, na wadudu wa ule msitu unaona wameandikwa na mtu anayewapenda kweli.

Hiki ndo riwaya yake ya kwanza, 2005, kikabeba tuzo ya Wole Soyinka 2008. Kitabu chake kingine kinaitwa Binti, cha 2015, ndo kilichukua Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, ni kifupi ila kizito kidogo, mtoto aanze na hiki cha Zahrah.

Katikati panachosha, mnyama huyu katoka anaingia mwingine, mi niliruka kurasa, alafu mwisho umekimbizwa. Na kiingereza chake sio kigumu ila dikshenari iwe karibu.

Kitabu nyota 4, muuzaji 2. Ukiagiza mwambie akupigie picha kopi yenyewe, mbele na nyuma, ndo utume hela.