Hulk 180 au 181: uchukue lipi?

Mpenzi wa Wolverine, shujaa wa katuni mwenye makucha, hapa Mtwara, pesa za korosho zikishaingia, hukwama kwenye swali hili: anunue toleo la 180 au la 181 la The Incredible Hulk, jarida la katuni la kampuni ya Marvel? Yote mawili ni ya mwaka 1974, na yaliuzwa senti 25 tu Marekani.

La 180, la Oktoba, ndilo lililotangulia kumwonyesha. Ila Wolverine anachungulia tu kwenye picha ya mwisho kabisa, basi. La 181, la Novemba, limemweka jaladani, makucha nje, na ndani anapigana kwelikweli. Soko likaamua: 181 ni ghali zaidi kwa mbali. Wanaosema "wa kwanza ni wa kwanza" wana hoja, lakini hoja haipandishi bei.

Hela ya 181 isikutoke kabla muuzaji hajakutumia picha ya ukurasa wenye stempu ya Marvel. Watoto wa enzi zile waliikata wakaibandika kwenye kijitabu chake. Ikikosekana, thamani inaporomoka hata jalada liking'aa. Halafu angalia pini zinazoshikilia kurasa. Kutu ikishaanza hupaka karatasi rangi ya kahawia, na hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani haiisaidii hata kidogo. Hilo halichagui toleo: ukutani upande wa bahari usiliweke lolote.

Mimi ningechukua 180 safi kuliko 181 iliyokatwa stempu. Mwenye mfuko mnene achukue 181 nzima, asibabaike.