Dishi la intaneti kwenye nyumba ya mapadri: nyota tatu

Kwa mnaofikiria kununua dishi la intaneti ya setilaiti na kuuliza kama linashika huku mashambani, jibu ni hili: linashika. Misheni yetu iko bara ya Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki, kule ambako ukitoka Malindi lami inakuacha mapema na vumbi linakupokea. Netiweki ya mnara tuliipata chini ya mkwaju wa shule na juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zahanati, basi. Sasa juu ya bati la nyumba ya mapadri kuna dishi la setilaiti, na video inacheza bila kukwama hata saa mbili usiku, saa ambayo bando za mnara huwa zimelala. Mvua kubwa ya masika ikipiga, hukatika dakika chache kisha hurudi lenyewe. Hiyo siihesabu kasoro. Masika hukata hata barabara.

Vifaa vyote, yaani dishi, mguu wake, waya na ruta, vilitugharimu kama shilingi 45,000, na ada ya mwezi tulipojiunga ilikuwa 4,000, unalipa kwa M-Pesa. Halmashauri ya parokia ilibishana juu ya hiyo 4,000 kuliko ile 45,000, na walikuwa na haki, maana hiyo ya mwezi hailipwi mara moja ikaisha. Kulifunga si kazi ya fundi. Unapakua programu kwenye simu, unaelekeza kamera juu na kuizungusha, inakuonyesha ni wapi mbingu imezibwa. Kwetu ilizibwa na mwarobaini aliopanda padre wa kwanza kabisa. Tulikata tawi moja. Kuna akina mama wa jumuiya ambao mpaka leo hawajatusamehe lile tawi.

Muuzaji wa mjini alitueleza habari za setilaiti kana kwamba tumezaliwa jana. Sisi wa Magarini! Hapo Ngomeni Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, katikati ya bahari, tangu 1967, na ile iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu. Madishi yao makubwa bado yapo. Kilichobadilika ni umbali. Simu za zamani za kupiga Ulaya, zile zilizopitia kituo cha Longonot tangu 1970, zilikwenda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu na kurudi, ndiyo maana ukiuliza jambo ulisubiri kidogo, na ukikosa subira mkagongana maneno. Setilaiti za dishi hili huzunguka kilomita 500 hivi tu kutoka ardhini, zikiwa nyingi, moja ikipita inampokeza mwenzake. Mtu wa Kerala, kule India, anacheka na wewe unacheka papo hapo.

Nimetaja Kerala kwa kuwa paroko wetu anatoka huko. Nitarudi kwake.

Mimi nilianza ukatekista wakati wa redio koli, kabla jimbo la Malindi halijaundwa mwaka 2000. Mapadri wetu wakati huo walikuwa Wakapuchini wa Malta, watawa wa Mtakatifu Fransisko, watu wa ndevu na sandali. Redio ilikaa ofisini juu ya meza ya mbao, imeunganishwa na betri ya gari, na waya wa antena ulitoka dirishani ukapanda mpaka kwenye mnazi, ukavuka uwanja hadi mnara wa kengele. Asubuhi baada ya misa kila kituo kiliitwa kwa zamu. Unabonyeza, unasema, unaachia. Diseli imeisha, ova. Sista ana malaria, leteni dawa, ova. Daraja limefunikwa, askofu asije Jumanne, ova. Jua likipanda unahamia masafa mengine, la sivyo unasikia mikwaruzo mitupu. Na radi ikiwa mahali popote kati ya hapa na Lamu, utaisikia ndani ya redio kabla ya kuiona angani.

Jambo la redio ile ni kwamba hapakuwa na siri. Padre aliyeagiza divai ya misa mara mbili ndani ya mwezi mmoja alitaniwa na vituo vyote, mpaka akawa anaagiza kwa barua. Lakini pia, padre akiwa na shida, kila mtu alijua. Mpishi alijua, mlinzi alijua, sisi tuliosubiri nje tukitaka cheti cha ubatizo tulijua. Tukienda kumwona tulikuwa tumeshaandaa la kumwambia.

Zahanati za misheni zilitegemea redio hiyohiyo. Madaktari Warukao wa AMREF, walioanza 1957, walikuwa na mtandao wao wa redio ukisikilizwa uwanja wa Wilson kule Nairobi, na muuguzi wa porini aliweza kueleza dalili akaambiwa afanye nini, au atayarishe mahali pa ndege kutua. Shida ilikuwa usiku. Saa za kusikiliza kituo chetu zikipita, mama akishikwa na uchungu saa tatu usiku, redio ilikuwa chuma tu. Hapo ndipo dishi linapoipiga redio kwa mbali. Sista wetu wa zahanati ana kundi la WhatsApp na daktari mmoja wa mjini pamoja na wauguzi wenzake. Anapiga picha ya kidonda, ya upele wa mtoto, ya nyoka aliyeuawa pamoja na mguu wa aliyeumwa, na jibu linarudi kabla pikipiki haijawashwa. Kuna wagonjwa wamepelekwa Malindi usiku uleule kwa sababu daktari alisema msingoje kuche, na wapo waliobaki nyumbani wakaokoa nauli. Kwa hili peke yake ningetoa nyota tano na kufunga mjadala.

Lakini dishi halikununuliwa kwa ajili ya zahanati, wala halikufungwa huko. Lilifungwa nyumba ya mapadri, na ruta iko sebuleni kwao.

Wazee wetu wa Malta waliishi kwa barua. Ile karatasi ya buluu ya ndege, unaikunja yenyewe ikawa bahasha, inakwenda wiki mbili au tatu, jibu nalo vivyo hivyo. Mmoja wao mama yake alifariki, akapata habari akiwa ameshazikwa. Alisoma barua, akaikunja, akaenda kufundisha kipaimara, na sisi tuliambiwa na mpishi. Na wao walikuwa na afadhali. Mtakatifu Francis Xavier alipopita Malindi 1542 akielekea India, walimzika hapa mtu mmoja wa merikebu yao, na habari za mji wetu akaziandika akiwa Goa, mwezi wa Septemba: kwamba mzee mmoja Mwislamu alimwuliza kama Wakristo kwao wanaenda kanisani, maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na inayosaliwa ni mitatu tu. Barua kama hiyo ilingoja merikebu, na merikebu zikangoja pepo. Leo mambo yamegeuka, kijana ametoka upande huohuo wa India kuja kwetu, na mama yake anajua tumekula nini mchana.

Simlaumu paroko wala mama yake. Upweke uliwaumiza wale wa zamani kuliko malaria. Nilimwona mmoja akizungumza na mbwa kwa Kimalta jioni nzima, na mwingine alirudishwa kwao akiwa hajamaliza mwaka, tukaambiwa ni tumbo. Paroko wetu hana dalili hizo. Amenenepa, anacheka, homilia zake anazitayarisha vizuri, na masomo ya siku anayasoma kwenye simu hata tukiwa kigango cha mbali.

Shida ni saa. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kwa hiyo mama akitaka kuzungumza na mwanawe kabla ya kulala, saa tatu unusu usiku kwake, huku ni saa moja ya jioni. Na saa moja ya jioni ndiyo saa ya watu. Mchana mzima wako shambani au kwenye mikorosho au wamekwenda Marafa sokoni. Jioni ndipo mtu anapopita kwa padre na mambo yasiyosemeka ofisini: binti amekataa kuolewa, ndugu wanagombania ardhi, mzee anataka mpako wa wagonjwa lakini mwanawe wa kwanza hataki padre aonekane nyumbani. Wale Wamalta waliwapokea hao barazani kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kuwa. Hapo ndipo walipojifunza Kigiriama, wala si katika vitabu. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wanatania wazee kwa mafumbo. Paroko wetu amekaa muda wa kutosha na Kiswahili chake ni safi, lakini mazishi yakigeuka Kigiriama, mimi ndiye mkalimani. Mtu anayebisha hodi saa moja anasikia ndani sauti za Kimalayalam, lugha ya Kerala, na vicheko, anasimama kidogo, anaondoka zake. Hajaambiwa aondoke. Ameona tu padre ana wageni.

Halafu kuna wafadhili. Zamani padre aliandika barua moja ya Krismasi, ikanakiliwa ikaenda kwa wote, na picha mbili za watoto wakichota maji. Siku hizi mfadhili anataka kuona kisima kwa video, leo, na pampu ikiwa inapiga, na anauliza kwa nini yule mtoto wa nyuma hana viatu. Nimeshika simu mimi mwenyewe nikizunguka tangi huku mtu wa Ulaya akiniambia nisogee kushoto. Pesa zinakuja upesi, hilo lazima nikiri: mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalipotutenga, chakula kilipatikana kwa picha zilizotumwa kutoka juu ya kichuguu, sasa fikiria kwa dishi. Ila padre amegeuka karani. Jumatatu yake yote ni ripoti.

Mambo mawili ya kiufundi ambayo muuzaji hatakwambia. Moja, umeme. Dishi hili la kawaida linakula makumi ya wati muda wote limewashwa, liwe linatumika au la. Sisi tunategemea sola, na betri zetu za zamani zilipangiwa taa, friji ndogo ya chanjo na spika za kanisa. Mwanzoni liliachwa likiwaka usiku kucha, na misa ya alfajiri ikawa inaanza kwa mishumaa. Suluhisho ni swichi tu: linazimwa saa nne usiku, anayelizima ni mlinzi, na amekataza mtu yeyote kumbembeleza.

La pili, akaunti. Ilifunguliwa kwa barua pepe na simu ya padre aliyekuwepo. Padre huhamishwa, ndivyo maisha yao yalivyo. Huyo alipokwenda likizo tukataka kulipa na kubadilisha pasiwadi ya ruta, msimbo wa kuthibitisha ukawa unatumwa kwenye laini iliyozimwa nchi nyingine. Tulikaa bila intaneti huku pesa ya kulipia tunayo mkononi. Fungueni kwa barua pepe ya parokia, na simu iwe ya ofisi, isiwe ya mtu.

Na vijana? Wanakaa kwenye ukuta wa nyumba ya mapadri kila jioni, mstari mzima, nyuso zimeangaza kwa simu. Pasiwadi ilivuja siku nyingi. Kwaya yetu sasa inajifunza nyimbo kutoka YouTube na haitaki tena kungoja mwalimu kutoka Malindi. Wengine wanaangalia mpira, wengine mambo ambayo sitayaandika hapa. Ningependa waingie ukumbini, wakae kwenye viti, na zahanati ipate waya wake. Ukumbi uko hatua chache tu. Nimelisema kwenye halmashauri, limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na ruta bado iko sebuleni. Kwa sababu hiyo nyota ni tatu, na wala si kosa la dishi.

Kama ningekuwa mimi ninayenunua leo, ningechukua lile dogo linaloingia kwenye mkoba. Linakula kama nusu ya umeme wa hili kubwa na linaweza kuwashwa kwa pawabenki yenye nguvu. Lingefungwa nyuma ya pikipiki likaenda kigango cha mbali Jumamosi, likatumika kwa zahanati ya kuhamahama, usajili wa ubatizo na simu za watu kwa watoto wao walio Mombasa na Saudia, kisha likarudi jioni likazimwa. Chukueni na waya mrefu, ule unaokuja nalo ni mfupi, na kipande cha turubai, maana vumbi la Magarini linaingia hata mahali palipoandikwa haliingii.